Vyumba vya Uani: Je, Sheria Ivitambue au Ivivunje?

Kila aijuaye Dar es Salaam kwa kuishi ndani yake anafahamu ya kwamba nyuma ya nyumba kubwa, ng'ambo ya ua wenye bomba na kamba za kuanikia nguo, kuna vyumba vingine vilivyojengwa baadaye, viwili au vinne au sita katika safu moja, kila kimoja na mlango wake na dirisha lake dogo, na ya kwamba ndani ya vyumba hivyo hulala sehemu kubwa ya watu wanaoufanya mji uende: mwalimu aliyeajiriwa majuzi, mama lishe, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, mjane aliyekuja mjini ili awe karibu na hospitali. Vyumba hivi aghalabu havimo katika ramani ya mipango miji, wala havina kibali cha ujenzi. Walakini mji umevitegemea miaka mingi, na maadamu sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728, hapana budi tuulize hao milioni na zaidi walioongezeka katika mwongo mmoja wamepata wapi pa kulaza ubavu.

Kadhia tuliyo nayo ni hii. Je, halmashauri zivitambue vyumba vya uani kuwa makazi halali kwa masharti maalumu, au zivihesabu kuwa ni ujenzi holela ustahilio kuvunjwa? Na zikivitambua, ni nani atakayemlinda mpangaji na kodi ya mwaka mzima inayodaiwa kabla hajaweka hata mkeka? Nimeiweka kadhia mbele ya majilisi ya watu watano, ambao nimewapa majina ya kazi zao tu, kwa kuwa hoja wanazozitoa ni zile zisikikazo kila siku katika mitaa yetu.

MWENYE NYUMBA: Mimi nianze, kwa kuwa ndiye mshitakiwa. Kiwanja changu kiko Magomeni, nilikirithi kwa marehemu baba yangu, na nyumba aliyoiacha ni ile inayojulikana na kila mtu: vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, ukumbi katikati, na mlango wa nyuma unaotoka uani penye jiko na choo. Bwana yangu alipofariki, nikabaki na watoto wanne na pensheni isiyofika katikati ya mwezi, niliona mbele yangu njia mbili: kuiuza nyumba kwa tajiri atakayeivunja na kuinua ghorofa, au kujenga vyumba vinne katika nafasi iliyobaki uani na kuvipangisha. Nilikwenda kuomba kibali, na niliambiwa nilete michoro ya msanifu majengo, na ya mhandisi, na hati, na risiti za ada hii na ile. Nikapiga hesabu nikaona karatasi zitanigharimu karibu sawa na kuta. Nikajenga bila kibali. Sikuficha: mchanga ulishushwa mchana, mbele ya macho ya mtaa mzima.

AFISA MIPANGO MIJI: Bi mkubwa, hakuna anayekuita mhalifu. Lakini Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haikutungwa kuwakera wajane. Kiwanja kinapopimwa, hupimwa kwa hesabu ya watu watakaokikalia: maji kiasi gani, choo cha ujazo gani, mvua ipite wapi, gari la zimamoto lifike wapi. Kiwanja kilichokusudiwa familia moja kikibeba familia tisa, shimo la choo hujaa kabla ya masika, mfereji wa jirani huzibwa na ukuta wako, na moto ukizuka katika chumba cha nyuma hapana njia ya kumfikia aliyemo. Na asiniambie mtu kwamba kibali ni karatasi tu. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wamo madukani, na zaidi ya watu 20 wakafariki. Kila siku ya kazi yangu nakumbuka ya kwamba sahihi yangu ni dhamana juu ya roho za watu.

MZEE MWASHI: Mwanangu, maneno yako ni ya haki, na mimi niliyeshika mwiko miaka mingi sitakubishia juu ya ghorofa. Ghorofa ni jambo la nondo na msingi, na aliyekata kona humo ameua. Lakini chumba cha uani ni kuta nne za matofali, lenta, mbao na bati. Hakiwezi kuwekwa katika mizani moja na jengo la sakafu nne na kudaiwa karatasi zile zile. Halafu mkumbuke sheria za ujenzi za mji huu zilianzaje. Wajerumani walipotoa amri yao ya ujenzi ya 1891 waliutenga upande wa pwani uwe wa majengo ya Kizungu peke yake, na Waingereza nao wakaendelea na kanda tatu, ya tatu ikiwa ndiyo ya Waafrika. Sharti lilisemwa kuwa ni la ubora wa kuta, ilhali lililopimwa hasa lilikuwa mtu. Sisemi kwamba nyinyi wa leo mna nia hiyo, hasha. Nasema kwamba sharti la jengo likiwa kubwa kuliko uwezo wa mjengaji, basi hata likiandikwa kwa nia njema, kazi yake ni ile ile ya kumtoa nje.

AFISA: Basi, mzee wangu, chumba kifae vipi? Nieleze kwa kazi ya mikono yako.

MZEE MWASHI: Dirisha lifunguke penye hewa, si penye ukuta wa jirani. Bati lisiwe chini hata mtu akapikwa humo mchana wa Januari. Choo kiwe mbali na jiko na kisima, na kiwe cha idadi ya watu, si kimoja kwa milango kumi. Maji ya bati yasimwagikie kwa jirani. Na kichochoro kilichobaki kati ya kuta kiwe na upana wa kupitisha jeneza na wachukuzi wake, kwa kuwa nimeshuhudia maiti akipitishwa juu ya ukuta, na wallahi sitaki kuiona tena fedheha ile. Mambo haya matano hayahitaji msanifu. Yanahitaji bwana afya mwenye futi ya kupimia na moyo wa kutosha kuja mara mbili: msingi unapochimbwa na kabla bati halijapigwa.

(Hapa naomba ruhusa ya kuingia kati. Nimesoma kanuni nyingi za makazi zilizoandikwa kwa lugha pana, na chache kati yake humfikiria maiti. Ilhali katika mtaa wetu hakuna nyumba isiyopatwa na msiba, wala msiba usiohitaji njia. Sharti alilolitaja mzee linastahili kuwa la kwanza katika sheria ndogo yoyote, kwani njia ipitishayo jeneza ndiyo itakayompitisha mzazi aliyeshikwa na uchungu usiku, na ndiyo itakayopitisha mpira wa maji wa zimamoto.)

MPANGAJI: Mmesema juu ya kuta, wala sijasikia mtu akisema juu yangu. Shikamooni wazee wangu, na mnisamehe kama sauti yangu ina uchungu. Mimi nimekaa katika vyumba vya uani tangu nimalize chuo, na kila nilipohama nimedaiwa kodi ya miezi sita, na mara nyingine ya mwaka, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, taslimu, siku ile ile. Mshahara wangu hulipwa mwisho wa mwezi. Mwajiri gani atanipa mwaka kwa mkupuo ili nami nimpe mwenye nyumba? Hukopa; na mkopo wa mitaani unajulikana riba yake. Kisha nikiingia hupewa mkataba wa ukurasa mmoja wenye masharti yote juu yangu na hata moja juu ya mwenye nyumba halimo, au sipewi kabisa, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 1999 inakubali upangaji wa muda mfupi ufanywe hata kwa mdomo. Umeme tunashirikiana mita moja watu wa milango minne, na kila jioni ni ugomvi wa nani mwenye friji na nani kapiga pasi. Na tangu 2021, kodi ya jengo, ambayo kwa insafu ni ya mwenye jengo, hukatwa katika LUKU: ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, tangu 2023 ni 1,500. Anunuaye umeme ni mimi, basi akatwaye ni mimi.

MWENYE NYUMBA: Mwanangu, hiyo ya LUKU hatukuitunga sisi.

MPANGAJI: Najua, mama. Lakini ulinirudishia?

MWENYE NYUMBA: La, sikukurudishia. Hapo una haki yako.

MPANGAJI: Tena zamani palikuwa na sheria. Ile ya 1984 iliyoweka mipaka ya kupandisha kodi na ya kumtoa mpangaji ilifutwa 2005, na mahali pake hapakuwekwa kitu cha kumtosha mtu wa chumba kimoja. Mbunge baada ya mbunge amesimama Bungeni kusema habari ya kodi ya mwezi kwa mwezi. Sisi bado tunadaiwa mwaka. Nikidhulumiwa niende wapi? Baraza la Kata tangu 2021 limebakishiwa usuluhishi tu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni la watu wenye wakili na nafasi ya kungoja tarehe.

MWENYE NYUMBA: Basi nami niseme lililo moyoni. Kodi ya mwaka siichukui kwa kupenda kumtesa mtu. Vile vyumba vinne nilivijengaje? Niliinua kuta za viwili kwa rambirambi na akiba ya upatu, fedha zikaisha, matofali yakakaa mvua mbili. Benki haikunitazama, kwa sababu jengo lisilo na kibali si rehani. Alikuja mtu akanipa kodi ya mwaka kabla chumba hakijapigwa plasta. Kwa fedha yake nikanunua bati, na kwa kodi ya wa pili nikamaliza chumba cha tatu na cha nne. Na pia nimewahi kumpangisha mtu kwa mwezi, akakaa mitano bila kulipa, kisha usiku mmoja akaondoka na funguo, na deni la maji akaniachia mimi.

Naomba msomaji asiyapite haraka maneno haya ya mama, kwa kuwa ndipo lilipo fundo la mambo yote. Watu wengi, nami nimo katika hao, tumezoea kuisema kodi ya mwaka kana kwamba asili yake ni tamaa tupu, na bila shaka tamaa ipo. Walakini katika uani wa Magomeni, na Temeke, na Mbagala, na Manzese, kodi ya mwaka ndiyo benki ya ujenzi. Mpangaji maskini ndiye anayemkopesha mwenye nyumba asiye tajiri, bila riba na bila dhamana, ili ajengewe chumba atakachokilipia; na anafanya hivyo kwa sababu sheria, kwa kukataa kukitambua chumba, imemfungia mwenye nyumba kila mlango mwingine wa mtaji. Tukitambua hilo, tutaona kwamba maswali mawili tuliyoanza nayo yana shina moja. Kupiga marufuku kodi ya mwaka huku chumba kikiendelea kuwa haramu ni kumwambia mwenye nyumba asijenge. Na kukihalalisha chumba huku kodi ya mwaka ikiachwa ni kumpa mmoja haki na mwingine mzigo. Lazima viende pamoja, na kibali ndicho kitangulie, kwa kuwa ndicho kitakachompa mama karatasi ya kuipeleka katika chama cha akiba na mikopo au benki.

DALALI: Mabwana na mabibi, mnagombana juu ya mambo ya jana. Vyumba vya uani vya leo, hasa Sinza na Kinondoni, haviwataki wapangaji wa mwaka wala wa mwezi. Weka kiyoyozi, kitanda kizuri, picha katika simu, upate mgeni wa siku. Akilala siku chache tu amekupa kodi ya mwezi, wala hana haja ya mkataba wala ya kuvutana juu ya umeme. Mimi mwenyewe nimewageuzia wateja wangu kadhaa vyumba namna hiyo.

AFISA: Na nyumba ya wageni ina leseni yake na tozo zake na ukaguzi wake. Hivyo unavyovitaja vina kipi?

MWENYE NYUMBA: Ngoja nimjibu mimi, Bwana Afisa, kwa kuwa hili si la leseni peke yake. Baba yangu alijenga nyumba yenye baraza mbele na ua nyuma kwa maana: mgeni mwisho wake barazani, na ua ni sitara ya watu wa nyumbani. Uani ndipo wanawake wanapopika bila kujitanda, ndipo watoto wanapoogeshwa, ndipo mzazi anapokaa arobaini yake. Mpangaji wangu, huyu binti, amekuwa mtu wa ua: akiugua tunamuuguza, nami nikifiwa yeye ndiye anayekamata masufuria. Mgeni wa siku hapiti barazani. Anapewa ufunguo anapita moja kwa moja mpaka penye bafu letu, kesho anatoka anaingia mwingine, nasi hatumjui huyu wala yule. Umasikini nimeuvumilia. Hili silivumilii.

Naungana na mama, na kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo ya sitara, ambayo wenye kuandika kanuni hawana budi kuiheshimu kama wanavyoheshimu upana wa barabara. Ya pili ni ya hesabu: chumba kinachopewa mgeni wa siku ni chumba kilichotolewa katika mikono ya mwalimu na mama lishe, na mji uliokosa vyumba kwa watu wake hauna ziada ya kuwapa wapita njia. Kupangisha kwa siku kuwe na leseni mbali, na leseni hiyo isitolewe kwa kiwanja ambacho wakazi wa ua hawakuridhia. Sina neno zaidi na Dalali, ila kwamba mwezi mzima wa kodi kwa kazi ya kuonyesha mlango ni ujira usio na kipimo, na anayeuchukua aandikishwe ajulikane.

AFISA: Nitasema jambo, na msinione nimegeuka. Huko California, Marekani, miji mingi kwa muda mrefu ilivikataa vijumba vya uani kwa kanuni za maegesho na za ukubwa wa kiwanja, mpaka jimbo lenyewe likaingilia. Na tangu 2020 mamlaka ya mji imepewa siku 60 kulijibu ombi la kijumba, kwa kupima masharti yaliyoandikwa tu, bila vikao vya majirani kupinga. Nilipoisoma habari ile nilijiuliza: ikiwa nchi yenye mali kiasi kile imeona kwamba chumba cha uani ni rahisi kuliko mtaa mpya, sisi tunangoja nini? Mradi wetu wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima viwanja vizuri, lakini vilikuwa kandokando ya mji, na mama lishe hawezi kutoka Bunju alfajiri akafika Kariakoo na vitumbua vya moto.

MZEE MWASHI: Ya California yana wenyewe. Lakini hiyo ya kuwekewa siku za kujibu naipenda. Mtu anayesubiri kibali bila tarehe huchoka akajenga usiku, na kinachojengwa usiku ndicho kinachoanguka.

AFISA: Kodi, hata hivyo, si kazi ya sheria ndogo. Hiyo ni ya Bunge.

MPANGAJI: Basi kila mmoja na afanye kipande chake. Nyinyi toeni kibali, na katika kibali andikeni kwamba chumba hiki kitapangishwa kwa mkataba wa maandishi. Bunge liseme miezi mingapi. Mimi sikatai arbuni ya mwezi mmoja. Naelewa hofu ya mama. Nakataa kulipia Desemba mwezi wa Januari.

Sasa nitoe hukumu yangu, maana mwandishi anayekusanya sauti kisha akanyamaza hana tofauti na aliyekwepa dhima. Vyumba vya uani vitambuliwe. Halmashauri za mkoa huu, yaani Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, nazo zitunge moja iliyo fupi: michoro michache iliyokwisha kuidhinishwa, itolewe bure katika ofisi ya kata kwa kila atakaye chumba cha sakafu moja, mambo matano ya mzee mwashi yawe ndiyo kipimo, ukaguzi uwe mara mbili, jibu litoke ndani ya siku 30, na vile vilivyokwisha kujengwa vipewe muda wa kurekebishwa kabla ya neno la kuvunja kutamkwa, isipokuwa vilivyoziba mfereji au njia, ambavyo sioni udhuru wake. Bunge nalo lirudishe sheria ya upangaji: mkataba wa maandishi wenye nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, kodi ya mbele isiyozidi miezi mitatu, na siku zinazojulikana za kumtoa asiyelipa, kwa maana mwenye nyumba akiwa na hakika ya kukipata chumba chake kwa haki hatakuwa na sababu ya kushika mwaka mzima wa mtu kama amana. Na shilingi 1,500 ya kodi ya jengo irudishwe kwa mpangaji katika kodi ya mwezi, iandikwe hivyo ndani ya mkataba, isiachiwe huruma.

Nawe msomaji, uwe mwenye nyumba au mpangaji, usiingoje sheria ili uanze. Andikeni mkataba wenu wiki hii, kurasa mbili, mbele ya mjumbe na shahidi mmoja kila upande, mtaje kodi, notisi, umeme, maji na ukarabati, na kila mmoja abaki na nakala yake.